Mchukuzi wa Nne

Mji ule hauna jina, na wenyeji wake hawaoni kama wamepungukiwa na kitu. Wana uwanja, basi. Nyumba zote zimeuzunguka uwanja zikiutazama, na hakuna mlango hata mmoja unaofungukia upande mwingine. Mtoto akizaliwa huko, cha kwanza kuoneshwa si uso wa baba yake, ni goli. Ukiwauliza dunia ilianza lini watakujibu ilianza mpira ulipowekwa kati, na ukiwauliza itakwisha lini watakutazama kwa huruma, kwa maana mtu mzima hapaswi kuuliza mambo ambayo hata firimbi haijui.

Siku tunayoianzia, ambayo wengine wanaapa ilikuwa jana na wengine wanaisubiri keshokutwa, Ngwali alikuwa amelala chali juu ya machela, anateremshwa uwanjani. Hakuwa mgonjwa. Hilo lieleweke mapema, msije mkamhurumia kwa sababu isiyo yake. Miti miwili mirefu, ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa katikati, wachukuzi wanne, na juu yake mwanamume wa miaka thelathini na minne, nyayo zake laini kama za mtoto wa mwezi, mikono kifuani, anatazama mawingu. Alibebwa kwa sababu alikuwa na kipaji.

Jambo hili lilianza alipokuwa na miaka saba. Mpira uliwaponyoka wakubwa, ukabingirika mpaka miguuni pake, ukatulia. Watu waliokuwapo wanasema ulitulia wenyewe. Akaupiga danadana arobaini bila kuutazama, akawapita watu wazima sita, akaufikisha golini, kisha akamwuliza mama yake kama chakula kimeiva. Mji mzima ulikaa kimya. Siku ile ile Mwenye Firimbi, ambaye ndiye hakimu wa michezo na wa mambo mengine yote, akatoa hukumu: kipaji ni maji ya mtungini, kila hatua inamwaga tone. Mtoto huyu asitembee. Asikimbie, asipande, asichuchumae, asitoke jasho hata la homa ikiwezekana. Jasho ni la wasiopewa kitu. Abebwe mpaka uwanjani, acheze, abebwe arudi.

Na kweli, kwa miaka ishirini na saba, miguu ya Ngwali haikugusa ardhi ila siku ya mchezo. Mchezo wenyewe huisha upande mmoja ukifunga goli la tatu, na Ngwali alikuwa akiyamaliza matatu kabla chai ya watazamaji haijapoa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hata mnazi hakuachiwa aukwee. Tembo lilimjia kinywani limekwisha kugemwa, naye akaamini ndivyo tembo lilivyo. Nani angemlaumu? Mtu akiambiwa tangu utotoni kwamba yeye ni mtungi, hataanza ukubwani kujishuku kuwa ana misuli. Huko kuna methali moja wanaichukia hata kuisikia, ile isemayo ukiona vyaelea vimeundwa. Wao husema vyaelea kwa sababu vimependa kuelea.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakukubali, naye alikuwa Bi Somoe, mama yake.

Bi Somoe aliishi peke yake juu ya kilima kilicho mgongoni mwa mji, kwenye nyumba ya mwisho, na kuifikia lazima upande ngazi za mawe mia tatu na kidogo. Macho yalimzimika zamani. Kila ushindi, machela ilipandishwa mpaka mlangoni kwake, naye alitoka akipapasa, akaushika mguu wa aliyelala, akasema, "Huyu ni wangu." Bila neno hilo ushindi hauhesabiwi. Ndiyo desturi, hakuna ajuaye nani aliianzisha.

Mara ya mwisho, alipoushika mguu, hakuliachia neno upesi.

"Leo umekuja kwa miguu ya nani, mwanangu?"

"Ya wachukuzi, mama. Kama siku zote."

"Hao nawajua. Wa mbele kulia ni Makungu, anakanyaga kwa kisigino. Wa mbele kushoto anaburuta. Wa nyuma wote wawili wana haraka. Nyayo za mji mzima nazijua, baba, zako sizijui. Nilikufundisha hatua ya kwanza, ya pili ikachukuliwa na watu."

"Mama, wanakungoja useme."

"Wangoje. Mimi nakwisha. Nataka siku moja uje kwa miguu yako, nikusikie huko chini kabisa ngazini, niseme huyu ni wangu kabla sijakugusa. Basi. Sitaki kingine duniani."

"Nitakuja, mama. Mchezo ujao."

"Ufanye mazoezi, basi. Hizo ngazi hazijui kipaji."

Ngwali aliahidi, na ahadi ile ilimkaa rohoni kuliko magoli yake yote, kwa sababu aliliona bonde la shingo ya mama yake lilivyozama, akajua hapana michezo mingi iliyobaki. Alipenda kumpa kitu hiki. Ndicho kitu pekee alichopata kuombwa kama mtu, si kama mtungi. Lakini mazoezi aliyafanya moyoni. Kila asubuhi alilala akazipanda ngazi zile kwa mawazo, moja moja, mpaka juu, na kila mara alifika bila kuhema.

Sasa, juu ya machela, alimwita aliyekuwa mbele kulia.

"Makungu."

"Naam, kaka."

"Leo tukishinda mtanishusha chini ya ngazi. Nitapanda mwenyewe."

Makungu hakugeuka, maana mchukuzi hageuki. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mfupi, asiyejua kupiga chenga hata kumpita mbuzi. Mama yake alikufa akimzaa. Alianza kubeba akiwa na miaka tisa.

"Kaka, ngazi mia tatu."

"Wewe unazipanda nami nimo begani mwako."

"Mimi nimezipanda miaka ishirini na saba. Siku ya kwanza nilitapika."

"Ukafanyaje?"

"Sikufanya kitu. Kesho yake nikapanda tena."

Ngwali alicheka. Jibu lilikuwa jepesi mno, akalisahau hapo hapo, na hilo ndilo kosa ambalo mtu anaweza kulilia maisha yake yote bila kujua analilia nini.

Waliokuja kucheza siku ile walitoka ng'ambo ya korongo kavu. Hawakuwa na mtu mwenye jina wala machela. Walikuja kwa miguu, safari ya siku mbili, na walipofika hawakukaa. Walianza kurukaruka mahali pamoja wakiipasha miili joto. Mji uliwacheka. Mwenye Firimbi aliwauliza wamemleta nani mwenye kipaji, na mkubwa wao, mwanamke mwembamba mwenye mvi, akajibu, "Hatukumleta mtu. Tumeleta pumzi."

Ngwali akashushwa, nyayo zikagusa majani.

Goli la kwanza alilifunga akiwa na miaka saba. Ndivyo ilivyokuwa, na kila aliyekuwapo aliuona uso wake ukipungua, meno yakirudi madogo, mwili ukawa mwepesi kama kanga ya mama iliyoanikwa. Aliupokea mpira kifuani, akampiga mtu kanzu, mpira ukampita juu ya kichwa, akauweka wavuni kwa upande wa mguu. La pili alilifunga akiwa na miaka ishirini, mabega mapana, anatabasamu kabla ya kupiga, kwa maana katika umri ule mtu hupiga akijua. Mji ukasimama. Limebaki moja.

Moja lile halikuja.

Watu wa ng'ambo hawakumnyang'anya mpira, hawakuweza. Walikimbia tu. Kila alipogeuka palikuwa na mmoja wao, hakumgusa, amesimama karibu, anahema taratibu puani. Akimpita, yule aliyempita alikuwa amekwisha kurudi. Kivuli cha mlingoti wa goli kikafupika kikafika chini ya mlingoti, kikaanza kurefuka upande wa pili, na Ngwali akagundua kwamba hajawahi kukiona kivuli hicho upande wa pili. Michezo yake yote iliishia kabla. Alikuwa mgeni katika saa ile. Uwanja alioumiliki tangu utoto ulikuwa na alasiri, na hakuna aliyemwambia.

Mguu unajua, akajiambia. Mguu bado unajua kila kitu. Angalia, pale kuna nafasi, mpira upite katikati ya wale wawili, nauona mstari wake mweupe, nauona kama ninavyouona mkono wangu. Haya, nenda. Kwa nini huendi? Nani amekaa kifuani pangu? Ondoka kifuani pangu. Mimi ndiye niliyepewa. Nimepewa nini, ikiwa siwezi kukifikia kilichopo hatua nane? Kipaji kipo, kiko pale mbele, kinanisubiri, kinageuka kunitazama, na mimi ndiye nisiyefika. Basi siku zote tulikuwa wawili. Yeye alikuwa akicheza, mimi nilikuwa mzigo wake.

Wakati huo alikuwa na miaka tisini. Kichomi kilimshika ubavuni, na misuli ya nyuma ya mguu ikakaza kama kamba ya kitanda. Watu wa ng'ambo wakafunga moja, baadaye wakafunga jingine, magoli ya kawaida kabisa, ya kusukuma. Ngwali akaenda kuupokea mpira uliokuwa ukimjia, ule uliokuwa ukimtulia wenyewe, akauona ukipita mbele ya kidole chake, akaanguka kifudifudi.

Desturi inasema aliyebebwa akianguka, mchukuzi wa mbele kulia huingia. Desturi hiyo haikuwahi kutumika, na Makungu aliingia akiwa amevaa shuka, akilifunga vizuri kiunoni kwa aibu. Hakujua la kufanya na mpira. Alijua kukimbia tu, akakimbia. Watu wa ng'ambo walipomfuata hawakumwacha, wala yeye hakuwaacha. Walikwenda huku, wakarudi, wakaenda tena, mpaka jua likawa jekundu, mpaka yule mwanamke mwenye mvi akajishika kiuno kwa mara ya kwanza, akamtazama mtu huyu aliyebeba mwenzake miaka ishirini na saba kupanda ngazi mia tatu. Mwisho mpira ulimgonga Makungu kwenye goti ukaingia. Hakuna goli baya zaidi lililowahi kufungwa katika mji ule.

Hapo ndipo mji ungeweza kujifunza kitu. Niliwasubiri wajifunze. Palikuwa kimya kama siku ile ya danadana arobaini, na kila mtu aliiona miguu ya Makungu, jinsi ilivyojaa, na kila mtu alijua imetoka wapi, kwa kuwa wenyewe ndio waliompa machela aibebe. Kisha Mwenye Firimbi akainua mkono.

"Kipaji kimehama," akasema.

"Kimehama!" mji ukaitika.

Makungu akarudi nyuma. "Hapana, jamani. Mimi sina kipaji. Mimi ni kupanda ngazi tu, mnanijua. Kila siku napanda, basi. Yeyote kati yenu akipanda—"

"Kila mwenye kipaji husema hivyo," Mwenye Firimbi akamkatiza. "Mlazeni kabla hajamwaga zaidi."

Wakamlaza. Alipigana kidogo, hata akalia, "Nishusheni, nitaharibika!" Lakini mikono ilikuwa mingi, na ngozi ya ng'ombe ni laini kwa mtu aliyechoka, na hakuwa amelala chali tangu akiwa na miaka tisa. Nilimwona alipoyaona mawingu. Akanyamaza.

Machela ina nafasi nne, na moja sasa ilikuwa wazi. Mwenye Firimbi alitazama huku na huku, akamwona Ngwali amekaa chini majani yamemganda usoni.

"Wewe. Shika mti."

Watu walidhani atakataa, na wengine walisogea waone fedheha. Hawakujua. Ngwali aliinuka haraka kuliko alivyoinuka siku nzima, kwa sababu ndani ya uharibifu wote ule aliona kitu kimoja kimebaki kizima: ngazi. Machela inapanda kwa mama. Nami nitapanda, kwa miguu yangu, na atanisikia. Nimepoteza kila kitu, lakini ahadi nitaitimiza leo hii hii, na labda ndivyo ilivyotakiwa iwe. Alilia kwa furaha akiuweka mti begani.

Ngazi ya kwanza ilikuwa kama zile za moyoni mwake. Ya kumi pia. Ya ishirini ilimwuliza swali. Ya arobaini alikuwa anahema juu juu, na mti ulikuwa umekwisha kula ngozi ya bega, akakumbuka kwamba mahali hapa hapa bega la Makungu lilikuwa likimbeba yeye akisinzia. Ya sitini alitapika bila kusimama, kwa maana machela haisimami. Waliobaki watatu walikuwa wakimbeba yeye pamoja na mzigo, walimvuta kwa mti wenyewe. Baada ya mia hakuhesabu. Aliyejipatia na aliyepewa, yupi ni mtu? Swali hilo lilimjia kati ya jiwe na jiwe, na kila alipotaka kulijibu alihitaji pumzi, na pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Nafikiri ndiyo sababu wanaojua jibu hawajawahi kulisema. Aliinua mguu. Akainua mwingine. Kando ya kichwa chake nyayo za Makungu zilining'inia, ngumu, zimepasuka, zikitikisika taratibu.

Juu, mlango ulikuwa wazi na Bi Somoe alikuwa amesimama, ameegemea mwimo, kichwa amekiinamisha upande wa sikio.

"Makungu hayupo leo," alisema. "Nimesikiliza tangu chini. Wa mbele kulia ni mtu mwingine, sijawahi kumsikia. Anakanyaga kama anayejifunza." Halafu akapapasa, akaishika miti, akaufikia mguu uliokuwa juu ya ngozi, mkono ukasimama.

Akaushika tena, kwa mikono miwili. Akapitisha vidole kwenye kisigino kilichopasuka, kwenye shavu la mguu lililojaa, na uso wake wote ukafunguka.

"Umenisikia," akasema. "Mwanangu, umenisikia! Ulifanya mazoezi. Hii ni miguu ya mtu. Leo hukuja nayo, si neno, utakuja, hii itapanda." Akaulaza uso wake juu ya ule unyayo. "Huyu ni wangu!"

Mji ukapiga kelele huko chini. Makungu, juu ya machela, alifungua kinywa. Nataka kumlaumu, siwezi. Hakuna mtu aliyewahi kumlalia mguuni.

"Ndiyo, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyelala, ile ile Bi Somoe aliyoizoea kwa mwanawe.

Ngwali alikuwa hatua moja kutoka kwake. Alitaka kusema. Kifua kilipanda na kushuka, kinywa kilikuwa wazi, ulimi ulikuwa tayari, neno lenyewe fupi mno, na pumzi ya kulibeba haikuwapo. Alitoa sauti kama ya mlango mbovu. Bi Somoe alisikia, akageuza kichwa.

"Mpeni maji mchukuzi huyo," alisema. "Atakufa kwa kuhema."

Akaenda mwenyewe, akarudi na kata, akaipapasa mikono ya Ngwali, akamwekea. Alikunywa maji ya mama yake, nusu yakamwagika kifuani. Yalikuwa baridi. Pumzi ikarudi kidogo kidogo, ikamfikia kooni, na neno likatoka kwa sauti ya mtu aliyesimama, ambayo Bi Somoe hakuwahi kuisikia.

"Mama."

"Ndiyo, baba," akamjibu kwa upole. "Wachukuzi wote huniita mama. Hata Makungu."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe, wa mbele kulia. Pole. Siku ya kwanza ndivyo ilivyo." Akaichukua kata yake. "Sasa teremkeni, mwanangu apumzike, kesho ana mchezo."

Wenzake walikuwa wamekwisha kuinua. Ngwali aliweka mti kwenye kidonda, akageuka, akashuka jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akisubiri aitwe. Nyuma yake Bi Somoe alikuwa bado mlangoni, sikio ameliinamisha, anamsikiliza kwa makini.

"Haya, nenda salama," akasema. "Nyayo zako nimeshazijua."